Droni yako inatosha, ila shuka chini

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina droni ndogo ya gramu 249 na nimeirusha mwaka mmoja na ushee, zaidi kwenye sherehe na viwanja vinavyouzwa. Sasa watengenezaji wa tamthilia ya televisheni wameniomba shoti 3: mwanamke anaondoka nyumbani alfajiri kwa miguu, gari linakimbia kwenye barabara ya vumbi, na mtumbwi uko ziwani jioni. Niliwatumia mfano wa kazi zangu, mwongozaji akajibu: "Zinapendeza, ila hazina sinema." Je, ninunue droni kubwa? Rafiki yangu mmoja ananiambia nijifunze zile za FPV, za kurusha ukiwa umevaa miwani ya video. Naomba ushauri wako, kazi ni baada ya wiki 5.

Marahaba. Usinunue. Angalau si kwa kazi hii, na si kwa sababu hiyo.

Nimeutazama mfano wako mara tatu. Picha ni safi, mkono wako umetulia, hakuna mtikisiko. Lakini kila shoti inaanza chini, inapanda, inazunguka kidogo, inatuonyesha upeo wa macho, basi. Nilipofika ya nne nikajikuta nasoma namba zako za kimo zilizobaki pembeni mwa skrini: mita 80, mita 104, mita 112. Katika dakika 2 sikuona uso wa mtu hata mmoja. Kwa anayeuza kiwanja hiyo ni kazi nzuri, maana mnunuzi anataka kuona mipaka. Mwongozaji wa tamthilia hataki mipaka. Anataka nijue yule mwanamke anaondoka na nini moyoni, na ukiwa mita 112 yeye ni nukta.

Kuna jambo la historia ambalo warushaji wengi hawakuambiwa, na linaeleza kwa nini chombo hiki kipo kwenye filamu. Picha za angani zilikuwapo zamani sana kabla ya droni, zilipigwa na helikopta. Kreni nazo zilikuwapo, zile za kawaida zikiinua kamera mita 10 au 15 hivi. Ila kati ya ncha ya kreni na kimo ambacho helikopta inaweza kukaa bila kuhatarisha waigizaji na kupeperusha kila kitu kilichopo kwenye sini, palikuwa na eneo la hewa ambalo kamera haikuweza kukaa. Wachache walianza kuliingia kwa helikopta ndogo za rimoti. Zile pikipiki zinazokimbizana juu ya mapaa ya Istanbul mwanzoni mwa filamu ya Skyfall ya mwaka 2012 zilifuatwa na chombo kisicho na rubani ndani yake. Tarehe 25 Septemba 2014 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikazipa kampuni 6 ruhusa ya kutumia droni kwenye filamu na televisheni, na tangu hapo mlango haujafungwa.

Kwa hiyo droni iliitwa kwenye seti ili ijaze pengo lile la katikati. Ukiirusha mita 112 umeifanya helikopta ya bei nafuu. Kati ya mita 2 na mita 20 helikopta haithubutu, na kreni hata ikifika haisogei kwa uhuru kama droni, na shoti zako zote 3 zinaishi humo.

Fanya jaribio hili kesho. Ruka mita 100 juu, nenda mbele kwa mita 5 kwa sekunde, rekodi. Kisha shuka hadi mita 3 juu ya nyasi, nenda kwa mwendo uleule. Shoti ya kwanza ardhi imelala kama mkeka. Ya pili nyasi zinapita chini ya fremu kama zinafukuzwa. Kasi haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kwamba sasa kuna kitu karibu na lenzi na kingine mbali, na vinapita kwa mwendo tofauti. Jicho linasoma tofauti hiyo. Bila kitu cha karibu, iwe ukingo wa paa, tawi au kamba ya nguo, hata kamera ghali kupita zote itakupa postikadi.

Sasa mwanamke wa alfajiri, ambaye ndiye nitakaa naye zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo shoti ngumu ingawa inaonekana nyepesi.

Kabla ya kugusa rimoti mpigie mwongozaji, umuulize: tunabaki au tunakwenda naye? Kamera ikibaki nyuma ya ua na kupanda taratibu huku yeye akizidi kuwa mdogo njiani, sisi watazamaji tumekuwa wale walioachwa. Ikimtangulia, ikirudi kinyumenyume usawa wa kifua chake huku nyumba ikififia mgongoni, tumetoroka pamoja naye. Ni hadithi mbili. Ukifika seti bila kujua ni ipi, utafanya kile ambacho vidole vyako vimezoea, yaani utapanda na kuzunguka. Muulize pia shoti inayotangulia itakuwa nini na inayofuata itakuwa nini. Kama kabla yako kuna uso wa mama yake mlangoni, umekwisha kupewa jibu la mahali pa kuanzia.

Tuseme amejibu tunabaki. Mimi ningefanya hivi. Droni inasimama hewani mita 3, nyuma ya ukingo wa paa la banda au matawi ya chini, kiasi kwamba robo ya chini ya fremu imezibwa na kitu cheusi kisichoeleweka. Mlango unafunguka. Sisogei. Anatoka, anafunga, anapita uani. Bado sisogei. Anapofika njiani ndipo naanza kupanda, na napanda kwa nusu mita kwa sekunde, polepole hivi kwamba kwa sekunde 2 za kwanza mtazamaji hajui kama kamera imesogea au ni paa linalozama. Njia inafunguka mbele yake. Nafika mita 12, nasimama, nahesabu hadi 5 kimyakimya, ndipo nasema nimemaliza.

Ule mwanzo wa kupanda ndio unaotenganisha watu. Kidole gumba peke yake juu ya kijiti hakina ustadi huo. Kinasukuma kama kengele ya mlango. Bana kijiti kwa ncha za vidole viwili, gumba na cha shahada, kama unavyoshika sindano, na uegemeze mikono mbavuni. Ingia kwenye mipangilio, punguza ukali wa vijiti, hasa mwanzoni mwa mwendo, na punguza kasi ya kugeuka. Hali ya kuruka polepole iliyomo kwenye droni yako ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini hata hiyo ilegeze zaidi. Kipimo ninachotumia cha kugeuka ni hiki cha wapiga picha wa zamani: kitu kinachoingia upande mmoja wa fremu kichukue kama sekunde 7 kutokea upande wa pili. Lenzi ya upana wa milimita 24 inaona takriban nyuzi 74, kwa hiyo usigeuke zaidi ya nyuzi 10 kwa sekunde. Ukitumia ya milimita 70, inayoona nyuzi 29 tu, hesabu inashuka hadi nyuzi 4. Ukizidisha, mistari ya wima kama nguzo na miti itaruka-ruka kwenye skrini kubwa, na hakuna mhariri atakayeiponya.

Kuna vurugu nyingine za seti ambazo sherehe hazikukufundisha. Droni lazima iwe hewani na imetulia kabla ya kuitwa "akshen", na ikiwa hewani mita 3 kutoka kwa mwigizaji, hasikii akshen yoyote. Kubalianeni ishara: mtu asimame anapoonekana na mwigizaji lakini haonekani na kamera, apunge kitambaa. Kama anatoka ndani, mtu huyo akae ndani, apewe redio. Sauti nayo usahau. Fundi wa sauti hawezi kurekodi mazungumzo wakati propela zako zinavuma, na ukimwahidi kwamba droni yako ni ya kimya mtakosana asubuhi na mapema. Mwombe baada ya kutua arekodi peke yake mlango, hatua na jogoo, kama yupo. Mhariri atazilaza chini ya picha.

Alfajiri yenyewe inakupa muda mfupi mno. Kati ya mwanga wa kutosha kuona uso na jua kuchomoza na kuharibu ule ubluu, unaweza kupata dakika 20, ambazo ni sawasawa na betri moja ukiitumia kwa busara. Nasema hivyo kwa sababu namba ya dakika iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa hewa ikiwa shwari na betri ikinyonywa karibu yote. Wewe utatua ikibaki asilimia 25 au 30. Asubuhi yenye baridi utapungukiwa zaidi, kwa hiyo betri zilale mahali pa joto, na ukipaa subiri hewani kama dakika moja zipate joto kabla ya kuidai nguvu. Siku moja kabla nenda palepale, saa ileile, umtembeze mtu yeyote kwenye njia ile, ujue kama kivuli cha mti kinamla usoni. Mazoezi ya saa 6 mchana hayakufundishi chochote kuhusu saa 12 asubuhi.

Upande wa kamera, ulizia kwanza kamera kuu inarekodi fremu ngapi kwa sekunde. Watu wengi wanaharibu hapa. Droni imeachwa kwenye fremu 30 kama ilivyotoka dukani, kamera kuu iko 25, halafu mnakutana kwenye chumba cha uhariri kila mtu akimlaumu mwenzake. Ukishajua, kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe takriban mara mbili ya fremu: fremu 25, shata 1/50 ya sekunde. Hapo mwendo unapata ule ukungu kidogo ambao macho yetu yameuzoea kwenye filamu. Rangi ya mwanga usiiachie kamera iamue, ifunge kwenye namba moja, la sivyo ukiinua lenzi kutoka ardhini kwenda angani picha itageuka njano hadi buluu katikati ya shoti. Mwanga nao ufunge kwa mkono, kwa sababu hiyohiyo. Kama droni yako inarekodi logi kwa biti 10, yaani picha iliyofifia inayomwachia fundi wa rangi nafasi ya kuirekebisha, itumie, lakini mpelekee fundi wa rangi sampuli ya sekunde 10 wiki moja kabla, ajue anapokea nini. Kama haina, rekodi picha ya kawaida, punguza ukali wake, na usiruhusu anga liungue. Kivuli kinavutika, anga lililoungua halirudi.

Na upeo wa macho: ukague kwa macho kila unapopaa. Gimbali, kile kishikio kinachoituliza kamera, inaweza kuinama nyuzi 1 bila kukuambia. Kwenye sherehe hakuna anayeona. Ziwani utaiona hata ukiwa umelala.

Gari sasa. Hapa jua litakuwa kali, na ndipo filta nyeusi za kupunguza mwanga, zinazoitwa ND, zinapohitajika. Hesabu yake si ya kubahatisha. Jua kali, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, kipenyo cha tundu la lenzi f/16, mwanga sahihi ni shata ya 1/100 hivi. Kipenyo kikiwa f/2.8 mwanga unaongezeka hatua 5, kila hatua ikiuzidisha mara mbili, shata inapaa hadi 1/3200. Wewe unataka 1/50. Hizo ni hatua 6 za kupunguza, yaani filta ya ND64. Droni ndogo nyingi zina kipenyo kisichobadilika, mara nyingi karibu na f/1.7, hivyo zitadai hata zaidi ya hapo, ND128 au 256. Nunua seti ya filta zilizotengenezwa kwa modeli yako hasa, maana gimbali ndogo inasikia uzito wa kila gramu, na filta nzito ya kubandika itaifanya itetemeke. Hicho ndicho kitu pekee ninachokuruhusu kununua.

Dereva apewe amri moja: mwendo uleule, kilomita 30 kwa saa, tangu mwanzo hadi mwisho. Utasema 30 ni konokono. Ni mita 8.3 kwa sekunde, na kutoka mita 2 juu ya ukingo wa barabara, vichaka vikipita kati yako na gari, itaonekana kama anamkimbia mtu. Wewe ndiye unayebadilisha mwendo, yeye habadilishi. Wote wawili mkianza kubadilisha mwendo barabarani, shoti haitoki na hatari inaingia.

Kaa upande ambao upepo unatokea. Vumbi litakwenda ng'ambo, na picha itapata mkia mzuri wa vumbi nyuma ya gari bila mota na gimbali yako kuula. Ukikaa upande wa pili si uchafu tu: vihisi vya kuzuia mgongano vinaweza kuliona wingu la vumbi kama ukuta, droni ikafunga breki hewani katikati ya shoti. Kuvizima inawezekana, nami huvizima mara kwa mara ninapopita karibu na matawi, ila ukivizima huna haki ya kuwa peke yako. Macho yako yako kwenye skrini. Anatakiwa mtu wa pili anayeitazama droni yenyewe muda wote na kukuambia "mti kulia, panda". Hatazami picha, hashiki simu, haongei na mwigizaji. Na ule ufuataji wa kujiendesha wenyewe, mashine ikilishika gari na kulifuata, jaribu mazoezini, lakini gari likipita chini ya mwembe mmoja tu mashine inaweza kumfuata mwendesha baiskeli.

Usiruke juu ya gari, wala juu ya mtu. Kuruka pembeni tu hakutoshi kama hujapiga hesabu ya kuanguka. Mota ikizimika mita 30 juu, droni inafika chini baada ya sekunde 2.5 hivi. Ikiwa ilikuwa inakwenda mita 8 kwa sekunde, itaanguka karibu mita 20 mbele ya pale ilipozimikia. Kwa hiyo usiangalie kilicho chini yake tu, angalia kilicho mbele yake. Tarehe 22 Desemba 2015, katika mashindano ya kuteleza kwenye theluji huko Madonna di Campiglio, Italia, droni ya matangazo ya televisheni ilidondoka kutoka juu na kupasuka hatua chache nyuma ya Marcel Hirscher, akiwa katikati ya mbio zake, mbele ya kamera nyingine zote. Hakuumia. Shirikisho la mchezo huo liliamua droni za kamera zisiendelee kuruka kwenye mbio zake. Droni ile haikuwa ya mtoto aliyeanza jana, na waliokuwa wakiirusha walikuwa kazini kama utakavyokuwa wewe.

Ndiyo maana nakuambia usikubali kuitwa "mtu wa droni" anayefika na begi tu. Kibali cha anga na bima viwe vimeandikwa kabla hujapaa, na ujue nani anavishika. Nchi nyingi zinaweka kikomo cha mita 120 au futi 400, na zinataka droni isipotee machoni. Usijifiche nyuma ya gramu zako 249 pia. Marekani, kwa mfano, msamaha wa kutosajili droni ya chini ya gramu 250 ni wa anayerusha kwa kujifurahisha, ukilipwa, unasajili. Soma sheria ya mahali mtakaporekodi, mstari kwa mstari, ukijua kwamba unaisoma kama mtu anayelipwa.

Katika shoti ya gari ndipo droni kubwa inapopata hoja. Droni ndogo inakupa kazi mbili kwa ubongo mmoja: kuruka na kupanga fremu. Ile kubwa ina rimoti mbili, rubani anaruka, mpiga picha anageuza kamera na kuchagua fremu kana kwamba kamera iko kwenye stendi. Gari likikata kona, rubani anawaza mti, mpiga picha anawaza uso wa dereva. Zaidi ya hapo kuna lenzi za kubadilisha na kihisi kikubwa kinachovumilia giza. Inspire 3 ya kampuni ya DJI, iliyotoka mwaka 2023, ina uzito wa karibu kilo 4, inarekodi 8K kwa kihisi cha fremu kamili, na kilo hizo ndizo zinazoifanya isiyumbishwe na upepo kama yako. Lakini kilo 4 zikianguka ni jambo jingine kabisa. Mwongozaji akisisitiza shoti ya gari yenye mizunguko na uso wa dereva ndani ya kioo, mshauri akodi timu yenye chombo hicho kwa siku moja, na wewe ukae pembeni yao ujifunze.

FPV? Jifunze, naipenda, ila rafiki yako amekupa dawa ya ugonjwa mwingine. Zile zinarushwa kwa miwani, bila mashine kukusaidia kusimama. Ukiachia vijiti haikai hewani ikusubiri. Zinapita dirishani, zinazama chini ya daraja, zinafuata gari hadi puani. Miezi ya kukaa kwenye programu ya kuigiza urukaji ndiyo nauli yake, na wiki 5 hazitoshi kwa mtu anayetaka kuileta karibu na binadamu. Hata ungekuwa bingwa, yule mwanamke wa alfajiri haihitaji.

Mtumbwi utakuwa mwepesi kuliko yote ukikubali kutofanya kitu. Jua likiwa limeinama nyuma ya mtumbwi, kaa mita 15 juu, elekeza lenzi chini kabisa, simama. Mtumbwi uingie kona moja ya fremu, upite kando na si chini ya droni yenyewe, utoke kona nyingine, na mkia wake wa mawimbi ubaki ukijifungua. Ukitaka mwendo, mtumbwi unao tayari. Rekodi pia ya pili kutoka mita 3, mbele yao, ukirudi nyuma polepole, mhariri apate pa kukimbilia. Katika zile za lenzi iliyoinuliwa kulielekea jua, chunguza ukingo wa juu wa picha: jua likiwa mahali pabaya, vivuli vya propela vinakata lenzi na kuacha mistari inayopepesa. Inamisha lenzi kidogo au geuka nyuzi chache, itaondoka.

Maji yana mitego yake. Vihisi vya tumboni vinasoma ardhi ili droni ijue imesimama, na juu ya maji yanayong'aa na kutembea vinaweza kudanganyika, droni ikateleza au ikashuka yenyewe. Kwa hiyo ukiwa chini ya mita 3 juu ya ziwa usiondoe mkono kwenye kijiti cha kupandia. Na usirushe kutoka kwenye boti kama unaweza kurushia ufukweni. Mimi nilirusha kutoka kwenye boti, zamani, nikiwa najiona fundi. Shoti ilikuwa nzuri, mtumbwi wa wavuvi, maji kama shaba, nikajisahau. Betri ilipofika kiwango cha chini, droni ikafanya ilichofundishwa: ikaanza kurudi nyumbani. Nyumbani kwake palikuwa pale boti ilipokuwa dakika 14 zilizopita. Niliiona ikisimama juu ya maji matupu, taa zikipepesa, ikishuka wima kwa adabu zote kama imeona kiwanja. Nahodha aliniuliza kama ndivyo inavyotakiwa. Ningeweza kuizuia kwa kitufe kimoja. Nilikitafuta hadi maji yakaimeza, na kadi ya kumbukumbu ikiwa ndani, yenye asubuhi nzima ya kazi. Siku hizi nabadilisha kadi kila ninapobadilisha betri, na yule mtu wa pili ndiye anayeitia mfukoni mwake wenye zipu.

Upepo wa ziwani jioni uheshimu hivi: anza kazi upande unakotoka upepo, ili kurudi iwe mteremko. Droni yenye uwezo wa mita 15 kwa sekunde, upepo ukiwa mita 10 mgongoni mwake, inafika kilomita 1 kwa sekunde 40, nawe unafurahi. Kurudi ina mita 5 tu kwa sekunde za kusonga mbele, yaani sekunde 200 kwa umbali uleule, na hiyo ni betri ikiwa nzima. Upepo wa mita 10 kwa droni yako ni sababu ya kutopaa kabisa. Kumbuka pia kwamba upepo unaousikia usoni ufukweni ni mdogo kuliko ulioko juu.

Kwa kila shoti, iwe ardhini au majini, mpe mhariri sekunde 5 za utulivu kabla ya mwendo na 5 baada ya kusimama, na mwendo uleule kwa kasi mbili. Katika shoti yako ya dakika nzima atachukua sekunde 4. Usinune, na usiongeze madoido ili achukue 6.

Kuhusu mwongozaji, usimjibu kwa maneno. Jumapili hii mwombe ndugu au jirani atembee kutoka mlangoni hadi barabarani, umpige kwa ile namna ya paa niliyokueleza, kutoka mita 3 hadi 12, shoti moja tu, bila muziki. Mtumie hiyo, na chini yake umwandikie lile swali: tunabaki au tunakwenda naye?